Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Gofu Duniani, kutoka kwa Muuza Mitumba wa Koboko

Waheshimiwa wa R&A,
St Andrews, Uskoti.

YAH: ADA, ADABU NA MBUZI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza mitumba. Nyumbani ni Koboko, mzigo nauchukulia Arua, na ile lami ya kilomita 92 inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini, ndiyo ofisi yangu. Sijawahi kushika kijiti cha gofu. Hata hivyo naandika kama raia wenu halali, kwa kuwa nimesoma kwamba mamlaka yenu juu ya mchezo huu yameenea dunia nzima isipokuwa Marekani na Mexico, ambako wanatawala wenzenu wa USGA. Kwa hiyo Arua imo. Koboko nayo imo, ingawa hatuna hata shimo moja la kulenga.

Msishangae tukiipokea habari hii kwa utulivu. Watu wa pande hizi tumezoea kutawaliwa kwanza na kuarifiwa baadaye. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituweka kwenye eneo lake la Lado bila kuja kutusalimia. Alipofariki Desemba 1909 tukakabidhiwa Sudani, na mwaka 1914 tukahamishiwa Uganda, Bwana Weatherhead akaja kufungua boma Arua. Hata hadhi ya jiji iliikuta Arua tarehe 1 Julai 2020, na kesho yake mama wa mihogo alikuwa amekaa palepale alipokaa jana. Mtawala mmoja zaidi, tena wa mpira usiozidi gramu 45.93, hatutishi.

Gofu niliijulia kwenye belo la mitumba. Mzungu akilichoka shati lake la gofu hulitoa sadaka, sadaka inapanda meli, na inapofika Arua imeshageuka bidhaa. Ndani ya belo moja nakuta mti wa Pebble Beach, mnara wa taa wa Turnberry na jina la mji wenu mtukufu, vyote vimetariziwa upande wa moyo kwa uzi usiochuja. Ni mashati ya heshima haya. Yana kola, hayajikunji, hayadai pasi, na jasho hukauka lenyewe kabla abiria hajashuka. Dereva wa boda akishalivaa moja hataki tena kusikia habari ya pamba. Nawaarifu basi, kwa fahari, kwamba kama sharti la kwanza la viwanja vya hadhi ni shati lenye kola, steji ya boda ya Koboko imeshatimiza nusu ya adabu zenu. Nusu iliyobaki ni marufuku ya jinzi, na hiyo naomba tupewe muda, maana jinzi nazo ninazo nyingi na hazijatoka.

Mteja mmoja aliniuliza Turnberry ni kampuni ya nini. Nikaitafuta kwenye simu, na heri nisingeitafuta. Kumbe ni hoteli ya kifahari kando ya bahari hukohuko Uskoti, mali ya Donald Trump tangu 2014, na uwanja wake wa Ailsa umewahi kupokea mashindano yenu makubwa, The Open, mara nne, mara ya mwisho 2009. Mwaka 2025 mgeni asiyelala hotelini, akitaka kucheza asubuhi, alitajiwa pauni 1,000. Kwa shilingi za Uganda hiyo inakaribia milioni 5. Shati la Turnberry, mteja akishaapa kwa wazee wake wote kwamba mfukoni hana zaidi, naliuza 5,000. Yaani niuze mashati zaidi ya 900 ya Turnberry ndipo nicheze Turnberry asubuhi moja, na hapo sijatoa bei ya belo, nauli, wala ushuru wa soko. Mwalimu wa shule ya msingi anayepata kama laki tano kwa mwezi anaweza pia kwenda, mradi afundishe karibu miezi kumi bila kula. Atapiga mpira wake kwa saa nne, kisha arudi darasani muhula unapofunguliwa, akiwa mwembamba lakini mwenye adabu.

Nikasema labda nimegonga mlango wa tajiri kupita kiasi. Nikatafuta Pebble Beach, California: zaidi ya dola 600 kwa mzunguko mmoja, na anayetaka kujihakikishia nafasi mapema lazima alale kwenye hoteli yao angalau usiku mbili. Huko si himaya yenu, nawasamehe. Nikaja nyumbani kwenu, Old Course, na mwaka 2024 wakati wa msimu ilikuwa pauni 320, karibu milioni moja na nusu, tena wengi huipata kwa bahati nasibu, majina yanachezeshwa siku mbili kabla. Kwa mara ya kwanza nikahisi kuna kitu tunafanana: nasi huku tunalipa bila kujua kama tutahudumiwa.

Lakini sikuandika kulalamikia bei. Mwenye mali ana haki ya kutaja bei, nami natajwa kwa hilo soko zima. Nina maswali ya kanuni.

La kwanza ni la ardhi. Uwanja kamili wa mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi. Jirani zetu wa Yumbe wana makazi ya Bidi Bidi, ambako familia iliyokimbia vita Sudani Kusini ilipimiwa mita 30 kwa 30: hapo pawe nyumba, choo, jiko, bamia, na kaburi likihitajika. Mchezaji wa kulipwa akiupiga mpira mita 270, jambo ambalo kwao si la kujisifia, amevuka familia tisa kwa pigo moja na bado yuko shimo la kwanza. Naomba ufafanuzi: katika hali hiyo anatakiwa kupiga ukelele wa tahadhari mara moja, au mara tisa?

La pili ni la wapita njia. Arua tuna uwanja wa West Nile Golf Club, umo ndani ya jiji, na watu wanaukatiza. Nimesikia kwamba klabu yenu mama, Royal and Ancient, iliyoanzishwa 1754, ilipiga kura ya kuwakubali wanachama wanawake Septemba 2014, baada ya miaka 260 ya kutafakari. Wanawake wa Arua hawakusubiri kura. Wanapita na beseni kichwani, wakielekea sokoni, kwa mstari ulionyooka kuliko wa mchezaji yeyote niliyemwona pale. Adabu inasema asiyecheza asimame, anyamaze, asitupe kivuli mbele ya anayejiandaa kupiga. Mama mwenye nyanya kichwani hasimami. Akisimama nyanya zinakuwa nzito zaidi, na aliyesimamishwa hana mahali pa kuziegesha. Wachezaji wa kwetu wanalijua hilo, kwa hiyo wanasimama wao. Je, hiyo ni kuvunja adabu au ndiyo yenyewe?

La tatu, mbuzi. Nimesoma Kanuni yenu ya 9.6 na nimeipenda. Inasema mpira ukihamishwa na kitu cha nje, unarudishwa ulipokuwa bila adhabu. Mbuzi ni kitu cha nje. Ila nilipoendelea kusoma nikagundua kwamba hata mtoto wa darasa la nne anayeokota mpira kwenye nyasi na kumuuzia mwenyewe kwa shilingi 1,000 naye ni kitu cha nje, kifungu kilekile cha mbuzi. Mama yake hajaarifiwa. Na mmepunguza muda wa kuutafuta mpira uliopotea kutoka dakika tano hadi tatu, tangu 2019. Yule mtoto anawashukuru sana. Dakika mbili hizo mmemwongezea mtaji.

Kanuni ya 16.2 nayo inamruhusu mchezaji kuhama akikutana na mnyama hatari, na mmetoa mifano: nyoka wenye sumu, nyuki, aligeta, siafu wakali, dubu. Dubu hatunao. Nyuki na nyoka tunao wa kuuza nje. Tembo tulikuwa nao wa kutosha, lakini wawindaji wa pembe waliitumia Lado kama ghala lisilo na mlinzi, na tembo hawakuwa na kanuni hata moja ya kuhama. Najua mnaruhusu klabu kujiwekea kanuni za mahali. Wenzetu wa Jinja wamepata sifa duniani kwa kanuni yao ya kiboko, kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wake unauondoa bila adhabu. Nami naomba Arua ijiwekee kanuni kama hiyo kwa mambo haya: boda iliyokata kona, maandamano ya harusi, kwaya ya mazoezi, na mwanasiasa aliyeona nyasi tupu akafikiri ni mkutano wa hadhara.

Kuhusu kedi, wale wanaobeba mfuko wa vijiti hadi 14 nyuma ya bwana, sina swali. Nataka tu mjue mnaongea na watu wenye uzoefu. Serikali ya kikoloni iliiona West Nile, mkoa wetu, kama ghala la mikono na mabega: vijana wakapelekwa King's African Rifles kubeba bunduki, na Kakira na Lugazi kukata miwa. Lugazi leo pana Mehta Golf Club, katikati ya mashamba ya sukari. Babu zetu walikuwa wakilifyeka pori lilelile, ila bila kigari cha umeme na bila mtu wa kuwaambia pigo zuri.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kuiazima moja kwa moja, nirudishe ikiwa safi. Nasikia kwenye gofu mchezaji hujishtaki mwenyewe. Hakuna refa anayemfuata nyuma. Bobby Jones, kwenye US Open ya 1925, alisema mpira wake umesogea kidogo alipoukaribia, jambo ambalo wengine hawakuliona. Akajiongezea pigo moja, na taji likamponyoka. Tafadhali tuazimeni kanuni hiyo kwa majaribio, kwa wale wanaosaini zabuni tu. Wiki mbili zinatosha. Tukiona nusu ya ofisi zimefungwa tutawarudishia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikeshe. Huku kwetu, kwenye teksi na kwenye vibanda vya chai, uwanja wa gofu una wenye ndoto wa aina mbili. Wa kwanza wanataka upigwe uzio, ujengewe hoteli na bwawa, uitwe jina kubwa la kigeni, na asiye na kola abaki nje. Arua ni mji uliowaita wauza petroli ya magendo ya madumu OPEC, majina makubwa hayajawahi kutuelemea. Wa pili wanataka ukatwekatwe kuwa viwanja vya maduka, maana nyasi hazilipi kodi. Wote wawili wanaapa kwamba ndivyo miji iliyoendelea inavyofanya. Nikasema niwaulize wenyewe mlioendelea, nikafungua historia ya mji wenu.

Waheshimiwa, mbona hamkutuambia? Hati ya mwaka 1552 ya Askofu Mkuu Hamilton ilitambua haki ya wenyeji wa St Andrews kucheza kwenye uwanda ule, yeye akibaki na haki ya kufuga sungura. Mwaka 1797 halmashauri ya mji wenu, ikiwa imezama kwenye madeni, iliuza ardhi hiyo. Ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, wakaijaza mashimo ambayo hayakuwa ya gofu, na wenyeji wakapigana nao mahakamani na mashambani kwa takriban miaka ishirini, hadi James Cheape alipoinunua mwaka 1821 na kunusuru mchezo. Ilipofika 1894 sheria ya Bunge ikawarudishia wenye mji uwanda wao, na hadi leo ni mali ya umma, ambapo mwenyeji hulipa ada ya mwaka isiyofika bei anayolipa mgeni kwa siku chache. Kuna hata barabara ya umma, Granny Clark's Wynd, inayokata shimo la kwanza na la kumi na nane. Watu wanapita, wacheza gofu wanasubiri.

Kumbe kuanzia madeni ya halmashauri hadi watu wa kukatiza, Arua imefuata nyayo zenu hatua kwa hatua, bila hata kuwa na ramani. Kilichobaki ni sungura. Nawaomba muandike haya kwa barua rasmi na kutunakili, kwa sababu mimi nikiyasema sokoni naambiwa nina wivu wa maskini, lakini yakitoka kwenu yatasomwa kwa kusimama.

Ombi la mwisho ni langu binafsi. Nimeelezwa kwamba Jumapili Old Course kwa kawaida haichezwi, uwanja unapumzika, na mtu yeyote anaruhusiwa kutembea humo hadi shimo la mwisho, na mbwa wake, bure. Nimepiga hesabu. Ada ya uwanja, sufuri. Shati ninalo, jipya kiasi, na jina lenu liko kifuani. Mbwa nitamwacha. Viza ya Uingereza ya miezi sita, kwa bei ya 2025, pauni 127, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Wanataka pia taarifa za benki, sababu ya safari, na ushahidi kwamba nitarudi nyumbani. Ushahidi wa kurudi ninao mwingi, umeandikwa kwenye daftari la wateja wanaonidai na ninaowadai. Kinachonipungukia ni barua ya mwaliko. Tafadhali iandikeni kwenye karatasi yenye nembo, na mseme wazi kwamba sitagusa mpira wala kijiti, nakuja kukatiza tu.



Raia wenu mtiifu,
Muuza mitumba, Koboko.