Mwongozo wa Kuita Prosija kwa Anayependa Kupigiwa Simu Usiku

Hongera. Umekabidhiwa mfumo wa RPG kwenye mashine ya IBM i, ambayo wakongwe wa chumba cha kompyuta bado wanaiita AS/400, jina la mwaka 1988, na usithubutu kuwasahihisha. Lugha yenyewe IBM iliileta mwaka 1959 kwa kazi ya kutoa ripoti tu. Kwa miaka mingi programu ilimwita mwenzake kwa CALL, wakaelewana au wakagombana palepale, basi. Ilipokuja RPG IV katikati ya miaka ya 1990, tukapata moduli, prosija na programu za huduma, na mtu mwenye bidii akapata njia mpya za kuharibu kazi.

Anza na chaguo namba 14 kwenye PDM. Itaendesha CRTBNDRPG, inayokompaili na kufunga kwa mkupuo mmoja, na chaguo-msingi lake ni DFTACTGRP(*YES), maana yake unataka programu ienende kizamani. Ukiwa na prosija ndani, kompaila inagoma. Weka *NO uendelee. Kosa hili ni la heri, kwa sababu linaonekana.

Yasiyoonekana yako kwenye prototaipu. Usiiweke katika faili moja na kuivuta kwa /COPY. Iandike upya kwa mkono kila unapoihitaji: hapa parameta iwe na herufi 10, huku kwenye prosija 50. RPG kwa kawaida haipitishi data, inapitisha anwani yake. Prosija itajaza herufi zake 50 bila wasiwasi, na 40 zilizozidi zitamwagikia kigeu cha jirani, pengine salio la mteja. Wala usiivute prototaipu ndani ya moduli yenye prosija yenyewe, maana hapo kompaila italinganisha na kukuumbua.

Sasa funga. Chukua moduli ya kukokotoa kodi, uifunge kwa CRTPGM ndani ya kila programu inayoihitaji. Kila moja inabaki na nakala yake. Kiwango cha kodi kikibadilika, rekebisha moduli, ikompaili, nenda zako nyumbani. Programu zitaendelea kukata kodi ya zamani mpaka mtu apite kwa UPDPGM, moja baada ya nyingine, akizitafuta kwanza.

Programu ya huduma hutibu ugonjwa huo: nakala moja, waitaji wengi. Ila ina saini, inayotokana na orodha ya prosija inazotoa nje, na mwitaji huikariri siku anapofungwa. Ongeza prosija moja, iunde upya kwa EXPORT(*ALL), na asubuhi waitaji wote wataanguka kwa MCH4431. Watu makini huandika orodha kwa lugha ya binda: prosija mpya inakaa mwisho, na orodha ya jana inabaki chini yake ikiwa na PGMLVL(*PRV), ili saini ya zamani izidi kutambulika. Ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana haifanywi.

Wewe umesikia dawa kali zaidi: saini inaweza kuandikwa kwa mkono kwa SIGNATURE, isibadilike kamwe. Hata mimi naipenda, mradi orodha isiguswe ila mwishoni. Lakini wewe ni mtu wa nidhamu, na orodha isiyofuata alfabeti inakukera. Ipange. Mwitaji aliyekwisha kufungwa hatafuti prosija kwa jina. Ameshika nafasi yake katika orodha, na alizoea kuita ya kwanza. Jana ya kwanza ilikuwa TafutaMteja. Leo, kwa alfabeti, ni FutaMteja. Zote mbili zinapokea namba ya mteja, saini ni ileile, na logi ya kazi haitaonyesha kosa hata moja.