Kipara cha Uwanja

Mwenye kipara kichwani hujua kwamba mafuta ya dukani hayaoteshi nywele. Mwenye uwanja mkubwa wa nyasi pale Ipole wilayani Sikonge, ambapo barabara ya Mpanda inaiacha ile ya Mbeya, yeye bado ana matumaini. Mvua za Novemba zikianza anaziba vipara vyote. Ikifika Agosti vimerudi palepale, kana kwamba vina hatimiliki. Nami nasema vinayo. Kipara cha uwanja aghalabu ni kazi ya miguu, na miguu haisomi kibao cha "Usikanyage Nyasi". Ushahidi haupo mbali. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi walitembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji wakipitia Unyanyembe, eneo la Tabora, mtu nyuma ya mtu, na njia yao ilikuwa kipara kirefu chembamba katikati ya miombo. Treni ikachukua mizigo, nyayo zikapungua, majani yakarudi bila mtu kununua hata kilo moja ya mbolea. Anayeona historia ni mbali atazame uwanja wa mpira: mbele ya goli ni vumbi tupu, huku kwenye kona nyasi zinamfika mpigaji magotini. Basi kijia kinachokatiza uwanja kwenda kisimani kimwagie kokoto, kiitwe njia, yaishe. Na chini ya mwembe usijichoshe: ukoka haupendi kivuli.

Utaniuliza, na magugu je? Hapo ndipo penye kichekesho. Ukoka huu tunaoubembeleza kwa ndoo za maji ndio uleule anaoulaani mkulima wa tumbaku ng'ambo ya ua. Atatokea mtu na bomba mgongoni akuahidi kumaliza kila kitu, na kweli atamaliza kila kitu: dawa inayoua kila jani itaondoka na mbigili pamoja na ukoka, ikuachie kipara kipana kuliko vyote. Ile ya majani mapana inauacha ukoka, lakini inaiacha na ndago pia, maana ndago si jani pana. Jembe nalo ni mkunga wake: ukikata mnyororo wa vijiazi vyake ardhini, kila kijiazi kinaanza ukoo mpya. Ndago hudhoofishwa kwa kung'olewa mara kwa mara, bila hasira. Mbigili ing'oe kabla haijazaa miiba, baiskeli zitakushukuru. Na sababu nyingine ya kuliogopa bomba: hii ni nchi ya asali, na nyuki hawajui kwamba ua wanalotua juu yake ni la gugu.

Wazee wana hoja nzito zaidi: uwanja mzuri ni ule uliofagiwa kwa chelewa ukawa mweupe, nyoka aonekane akiwa bado mbali. Kuzunguka nyumba nakubali bila ubishi. Ila ukifagia ekari nzima, mvua ya kwanza itakusaidia kufagia, na itaondoka na udongo wenyewe.

Panapostahili kupandwa, subiri ardhi ilowe, kisha fukia vipande vya ukoka vyenye vifundo, wala usihangaike na mbegu. Vipande hivyo huna haja ya kuvinunua. Nenda kwa yule mkulima wa tumbaku na gunia. Atakujazia bure, na usishangae akikuomba uje na gunia la pili.