Namna ya Kushona Gauni la Joto katika Mji wa Baridi

Mwongozo huu ni wa dada yeyote wa Mbeya au Iringa aliyeona picha ya gauni jepesi, lisilo na mikono, limeishia juu ya magoti, limevaliwa na binti anayecheka peke yake ufukweni, akasema: "Hili nitalishona mwenyewe." Hongera. Kuanzia vibaraza vya Mwanjelwa, Mbeya, hadi Mashine Tatu, Iringa, kuna mafundi ambao wangeitupia jicho picha hiyo, wakakupima, wakakata kitambaa bila kuchora hata mstari mmoja. Wewe umeamua kununua paterni, mchoro wa karatasi wa kukatia nguo. Wengine hufunga na kusali. Kila mtu na njia yake ya kutafuta subira.

Hatua ya 1: Ipate paterni yenyewe

Paterni za karatasi zenye saizi zilianza kuuzwa mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts huko Marekani. Faida kubwa ya paterni hizo ilikuwa kwamba mama angeweza kushona nyumbani bila kumtegemea fundi. Zaidi ya miaka 160 baadaye, jambo hilo limefanikiwa hata kwetu: mama ananunua paterni, kisha anampelekea fundi.

Siku hizi huhitaji bahasha kutoka ng'ambo. Unalipia mtandaoni, unapokea faili, unakwenda nayo steshenari kuprinti kurasa 30 na ushee za A4. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna mraba wa majaribio. Pima mraba huo kwa rula kabla kijana wa steshenari hajaendelea na kurasa nyingine. Kama umeandikwa sentimita 10 nao unasoma tisa na nusu, atakuambia kompyuta imepunguza kidogo ili mchoro uenee kwenye karatasi. Ukikubali hicho kidogo, gauni litamtosha mdogo wako wa darasa la sita.

Ukifika nyumbani, panga kurasa sakafuni na uzibandike kwa selotepu. Kama uko Iringa, funga madirisha kwanza. Upepo wa Iringa haujui ukurasa wa saba ukae wapi.

Hatua ya 2: Jipime, kisha jisamehe

Kwa vipimo vya paterni kubwa za Marekani, saizi 14 ni kifua inchi 36, kiuno 28, nyonga 38. Yaani nyonga imezidi kifua kwa inchi mbili tu. Simama Kabwe saa kumi na moja jioni, watazame kina mama wakishuka kwenye daladala, utajua mara moja kwamba aliyepanga vipimo hivyo hajawahi kufika Mbeya.

Usikasirike, na usinunue saizi kubwa kwa ajili ya nyonga peke yake. Mabega yatapwaya hadi uonekane umeazima nguo. Chagua saizi kwa kifua, kisha karibu na kiuno hamisha mstari taratibu hadi kwenye saizi ya nyonga zako. Sehemu ya nyuma iongezee zaidi kuliko ya mbele, maana mali iko nyuma, halafu zidisha kina cha dati ili kiuno kirudi ndani.

Soma pia kama paterni imeshahesabu nafasi ya mshono. Za Marekani nyingi huiweka, sentimita moja na nusu. Zile za jarida la Burda la Ujerumani kwa miaka mingi ziliachia mshonaji aiongeze mwenyewe, na asiyesoma alijikuta na gauni la kubana pumzi. Fundi wetu huacha inchi nzima ubavuni bila kuulizwa. Anajua gauni hilo litapitia harusi, uzazi, harusi nyingine, kisha litarithiwa na binamu. Mwige.

Kabla ya kugusa kitambaa cha maana, shona gauni la majaribio kwa shuka la mtumba kutoka soko la SIDO. Likikataa, unalo tambara la kupigia deki.

Hatua ya 3: Rekebisha kwa hali ya hewa

Binti wa kwenye picha anacheka kwa sababu yuko Julai ya Ulaya. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huku jua linawaka kweli, lakini linawaka kama taa ya friji: unaliona, halikupashi. Kwa hiyo gauni litahitaji mikono.

Hapa wengi huharibu. Kwapa la gauni lisilo na mikono huchorwa juu, karibu na mwili, ili sidiria isionekane. Ukibandika mkono hapo bila kurekebisha, hutaweza kushika bomba la daladala. Teremsha kwapa kama nusu inchi, liongeze upana kidogo, ndipo uchore mkono wa kulingana nalo. Kisha weka bitana, kwa sababu baridi hupita kwenye pamba nyepesi kama haijaona mtu.

Wa Iringa wana kazi ya ziada. Sketi ya kumwagika ni nzuri mpaka ukatize Miyomboni upepo ukiwa umeamka. Punguza mwago, au weka upindo mpana wa inchi mbili uwe na uzito. Haya ni mambo ya ufundi, lakini pia ya kuilinda heshima ya ukoo.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa ajili ya watu

Sasa mwonyeshe mama mkwe picha. Atanyamaza kidogo, kisha atauliza: "Mwanangu, na hili litavaliwa wapi?" Hilo si swali. Ongeza urefu.

Usiongeze kwa kurefusha chini tu, umbo litapotea. Paterni nzuri ina mistari miwili sambamba inayoonyesha pa kurefushia au kufupishia. Kata hapo, tenganisha, bandika karatasi katikati. Karatasi ya kaki inafaa; ya mfuko wa saruji inafaa zaidi, haichaniki.

Kisha mzee wa kanisa atakuwa na neno kuhusu shingo, ipandishe. Shangazi atataka mfuko wa simu, uweke. Rafiki yako atasema kiuno kibane, mume atasema kisibane. Hapo gawa tofauti, weka lastiki.

Hatua ya 5: Kitambaa

Kitenge kizuri utakipata mjini, au utapewa na mtu aliyepita Tunduma. Pisi ya yadi 6 inatosha, hata baada ya maoni ya ukoo. Kiloweke, kikauke, kipigwe pasi kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi. Ni bora irudi ingali kitambaa kuliko irudi ikiwa gauni.

Upana wa kitenge ni kama inchi 45, lakini ramani ya kukatia inayokuja na paterni mara nyingi imechorwa kwa kitambaa kipana zaidi. Panga upya vipande mwenyewe, mshale wa kila kipande ufuate uzi wa kitambaa. Angalia mapambo pia. Kama kitenge kina ndege, waruke juu mbele na nyuma. Wakianguka mgongoni watu watadhani umetoka msibani. Na ukitumia khanga, amua mapema maandishi yakae wapi. Yakitua pabaya, watu watakusoma ukiwa umewapa mgongo, na hutajua kwa nini wanacheka.

Hatua ya 6: Kushona

Tumia cherehani ya miguu, Butterfly au Singer ya bibi. Umeme ukikatika, mguu haukatiki. Overloki na zipu mpelekee fundi wa jirani. Ataitazama paterni yako na kuuliza: "Dada, hii ramani ya kiwanja gani?" Mweleze kwa adabu. Akisema "kesho," elewa Jumamosi. Akisema "imebaki zipu tu," elewa hajaanza.

Hatua ya 7: Kuvaa

Gauni limekamilika: refu, lenye mikono, shingo imefungwa, lina bitana na mfuko. Toka nalo asubuhi. Ukifika getini utarudi ndani kuchukua sweta, na juu ya sweta utajifunga khanga. Ukitaka lionekane, panda basi uteremke Kyela, kwenye joto la Ziwa Nyasa. Huko litaonekana vizuri, nawe utatoka jasho kwa sababu ya ile bitana.

Onyo la mwisho, tena muhimu kuliko yote. Watakusifu na kukuuliza fundi wako ni nani. Taja jina lolote, sema amehamia Sumbawanga. Ukikiri kwamba umeshona mwenyewe, kabla ya Pasaka utakuwa umeletewa vitenge saba, sare za kamati ya harusi na suruali ya mjomba iliyochanika. Na hakuna hata mmoja atakayeuliza bei, maana wewe ni mtoto wa nyumbani.