Nishike Ukurasa Hadi Lini?

Hakuna maneno yanayonichefua kama haya: "Tafadhali subiri, usifunge ukurasa huu." Nisifunge kwa nini, nimeajiriwa ulinzi? Nimeomba taarifa ya malipo ya mwaka mzima, basi. Kiduara kinazunguka, bando linaliwa, mimi nagusagusa kioo simu isije ikalala.

Kisha, pu! 504. Seva hazina subira. PHP ikiachwa ilivyo huipa kazi sekunde 30 tu. Nginx ikiwekwa mlangoni nayo ikaachwa ilivyo, ikipitisha sekunde 60 bila kusikia neno kutoka nyuma, inakata na kumfukuza mteja. Kinachoudhi ni kwamba 504 haimaanishi kazi imeshindikana. Huko nyuma hifadhidata huenda bado inachambua, haina habari kwamba mwenye shida yake ameshatimuliwa. Naye mwenye shida afanye nini? Anabonyeza tena. Na tena. Ripoti moja inapikwa mara nne kwa mpigo, seva inahema, na kama yalikuwa malipo, ada ya mtoto imelipwa mara mbili na hakuna wa kuirudisha.

Nikampigia kijana anayesimamia mfumo wenye ukurasa ule.

"Shikamoo mzee. Hilo tumeshalirekebisha, tumeongeza muda wa kusubiri uwe dakika 5."

"Marahaba. Yaani mmenirefushia foleni?"

"Na kiduara tumekibadilisha rangi, mzee."

Jamani! Fundi cherehani wa mtaani kwetu hajui hata kuwasha kompyuta, lakini akipokea kitambaa anaandika jina kwenye daftari, anasema njoo Ijumaa. Hiyo Ijumaa ni uongo mtupu, najua, ila hajawahi kuniambia nisimame pale nimeshika pindo mpaka shati liishe.

Na dawa si ngeni. HTTP ina jibu lake, 202: ombi limepokelewa, kazi bado. Unaliweka ombi kwenye foleni, iwe Redis au RabbitMQ, programu ya nyuma kama Celery au Sidekiq inalichukua ikipata nafasi, mteja anapewa namba ya kazi na kwenda zake. Ile M-Pesa inayokurukia kwenye simu kukuomba PIN ukinunua kitu mtandaoni inakwenda hivyo hivyo: mfumo wa duka unajibiwa papo hapo kwamba ombi limefika, matokeo yenyewe yanaletwa baadaye. Na kila ombi likibeba namba yake ya pekee, likija mara ya pili seva inasema "hili ninalo", haianzi upya.

Kwa hiyo vijana wangu, nipeni namba ya kazi, ripoti ikiiva nitumieni ujumbe. Na ile asilimia 99 mnayotuonyesha kwenye kioo, inayoganda nusu saa nzima, kama hamjui kazi imefika wapi, ifuteni.