Chokoleti na Karanga za Kongwa

Binti yetu wa kwanza alikuwa anapata kipaimara Jumapili moja ya Novemba. Hakuomba gauni wala viatu. Aliomba vibonge vya chokoleti na karanga, vile vinavyotengenezwa bila oveni, vitoshe yeye, wenzake wa darasa la kipaimara na wageni wote watakaofika nyumbani.

Kwa mtu wa Dodoma ombi hilo halikuwa gumu. Vitu vingi viko hapa hapa: karanga zipo, zabibu kavu zipo, unga wa ubuyu upo. Kilichobaki ni chokoleti ya kupikia, na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli na mji ukajaa watu, hata hiyo haitafutwi mbali. Namna ya kutengeneza nayo inaeleweka hata kwa mtoto. Unayeyusha chokoleti, unamimina karanga, unageuza mpaka kila karanga ipate koti lake, unachota kwa kijiko na kudondosha kwenye karatasi, kisha unaacha vigande. Hakuna kukanda, hakuna kusubiri kiumuke.

Mume wangu alinunua kilo moja ya chokoleti bila kulalamikia bei, jambo lililotuonyesha alivyoichukulia siku ya binti yake. Wifi, dada yake, alikuja Ijumaa jioni kusaidia. Huyu ndiye bingwa wa kashata katika ukoo. Harusi zetu zote kashata zimetoka mkononi mwake, hazijawahi kulegea wala kuungua. Aliposikiliza maelezo ya vibonge aliuliza, "Sasa wifi, shira inaingia saa ngapi?" Nikamwambia hakuna shira. Akatikisa kichwa, akajifunga khanga kiunoni, akasema tutaona.

Jumamosi asubuhi akaingia mama mkwe kwa basi la Kongwa, na nusu salfeti ya karanga.

"Shikamoo bibi!" watoto walimkimbilia kituoni.

"Marahaba wajukuu zangu. Mbukwenyi!" alimalizia kwa salamu ya Kigogo.

Hakuruhusu karanga ziguswe kabla hajakaa. Alipokwisha kunywa chai aliomba ungo, akamimina, akaanza kuchambua moja moja. Iliyosinyaa, nje. Yenye doa la kijani au jeusi, nje. Iliyotobolewa na mdudu, nje. Kitinda mimba alipomwambia kwamba anatupa nyingi, alimjibu kwamba karanga yenye kuvu haiondolewi ubaya kwa kukaangwa. Na ndivyo ilivyo. Sumukuvu haimalizwi na moto wa kawaida wa jikoni, na watu wa kanda hii tuna sababu ya kuiogopa: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Tangu hapo mama mkwe huchambua nafaka na karanga kwa ukali ule ule, iwe kwa sherehe au kwa mboga ya jioni.

Wakati vidole vinachambua, mdomo ulisimulia. Baba yake mzazi alikuwa kibarua katika ule mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, na Kongwa ikawa makao. Lengo la mwanzo lilipita ekari milioni tatu. Vililetwa hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ilijengwa reli ya mchepuo kutoka Msagali. Vichaka vilivyosukwa kwa mizizi vilivunja vyuma, na mibuyu haikung'oka kirahisi. Mvua ilikuja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Udongo wa kule una mfinyanzi, na jua la kiangazi likishaupiga hauchimbiki, kwa hiyo hata karanga zilizokomaa zilibaki zimefungiwa ardhini. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimeteketea.

"Karanga hazikuwa na kosa," alisema mama mkwe. "Wazee wetu walizilima pale pale na tukazila. Wale walikuja na kalenda yao, hawakumwuliza mtu."

Karanga zilizopita mtihani alizikaanga mwenyewe kwenye jiko la mkaa, ndani ya mchanga safi uliokwisha pashwa, akigeuza kwa mwiko mrefu bila kupumzika. Mchanga husambaza joto sawasawa, karanga huiva mpaka kati bila kuungua ngozi. Alipoonja moja ikavunjika kwa mlio, aliziipua, akazichekecha, akazisugua kwa viganja na kuzipepeta. Maganda mekundu yakaruka uani, zikabaki nyeupe zenye madoa ya kahawia. Harufu ilivuka ukuta, jirani akauliza kuna nini.

Ikafika zamu ya chokoleti. Tuligawa kilo ile mara mbili. Nusu ya kwanza niliikatakata nikaiweka kwenye bakuli la bati, na bakuli likakaa juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayochemka. Chokoleti haiwekwi kwenye moto moja kwa moja. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa mtu, ndiyo maana huishia ulimini. Ikizidi sana 50 huharibika. Maji ya Dodoma, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hata hizo ni nyingi mno. Kazi ni ya mvuke mdogo na subira.

Nilimwachia wifi usimamizi nikatoka kupokea viti vya kukodi. Wifi, kwa moyo safi wa mtu anayejua kwamba joto lisipofunikwa hupotea, alichukua mfuniko wa sufuria ya wali akafunika bakuli. Mvuke ukapanda, ukagonga mfuniko, ukageuka matone, matone yakadondoka. Nilipoingia alikuwa amefunua, na sura yake ilinitangulia kunieleza. Ile chokoleti iliyokuwa inang'aa na kutiririka ilikuwa imekaza, imevimba, imepoteza mng'ao, mwiko umesimama wima katikati kama kwenye ugali wa uwele uliokosa maji. Naye alifanya ambalo mpishi yeyote wa ugali angefanya: aliongeza kijiko cha maji. Ikazidi kukaza.

Watu wengi hufikiri chokoleti hiyo imeungua. Haijaungua. Chokoleti ni chembe ndogo sana za sukari na kakao zinazoelea ndani ya mafuta, na humo hamna maji karibu kabisa. Tone likiingia, sukari hulidaka, hunata, na chembe zote hushikana madonge. Matone machache ni mabaya kuliko maji mengi. Kwa hiyo dawa yake huwashangaza watu: huongezwa kimiminika zaidi, cha moto, kijiko baada ya kijiko, mpaka chembe zilegee tena. Tulipasha maziwa, tukamimina taratibu huku tunakoroga kwa nguvu, na uso wa ile chokoleti ukarudi laini. Ila haiwezi tena kuganda kuwa kibonge. Mama mkwe alitwanga karanga kwenye kinu kidogo, akazichanganya humo, ikawa ya kupaka kwenye mkate. Watoto waliifagia jioni ile ile.

Wifi, hata hivyo, alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, hasemi. Aliyekuja kusaidia akaona ameharibu huumia kuliko mwenye hasara. Nilimwambia kwamba nusu nyingine bado ipo. Aliitikia kwa adabu tu.

Nusu ya pili tuliifanya kwa utaratibu. Bakuli lilifutwa kwa kitambaa kikavu, kijiko vilevile, mfuniko ukapelekwa chumbani. Maji yalipochemka tuliepua sufuria kabisa motoni, tukaacha mvuke uliobaki ufanye kazi. Robo tatu ya chokoleti ilipolainika tuliondoa bakuli, na vipande vilivyobaki vikayeyuka kwa joto la wenzao. Tukamimina karanga, uzito sawasawa na chokoleti, konzi mbili za zabibu kavu, chumvi ya kubana kwa vidole na kijiko cha unga wa ubuyu, kwa sababu uchachu wa ubuyu huukata utamu na kuuacha ulimi ukitaka tena. Tulidondosha vibonge kwenye karatasi juu ya masinia. Vilipendeza. Kilichobaki kilikuwa jokofu.

Saa nane mchana umeme ukakatika.

Novemba ni kilele cha joto la Dodoma, mvua ikiwa bado inasitasita. Nje kulikuwa na nyuzi 30 na ushei, na jikoni, chini ya bati, zaidi ya hapo. Jokofu lilikuwa limejaa nyama na soda, na kila aliyelifungua aliingiza joto. Vibonge vilianza kulala. Vilipoteza mabega, vikatandaa, viwili vikaungana, karanga zikabaki zimekaa kwenye vidimbwi. Sisimizi wakapata habari. Mume wangu akachukua funguo aende kutafuta barafu, na binti akasimama mlangoni akitazama masinia bila kuuliza kitu, jambo lililoniuma kuliko kilio.

Mama mkwe alimwita wifi kwa jina lake la utoto. "Inuka. Leta mchanga."

Hapo ndipo nilipoelewa nina mtu wa namna gani nyumbani. Walitandika mchanga ndani ya beseni kubwa chini ya mwarobaini, upande wa upepo. Wakaketisha chungu kipana katikati, wakajaza mchanga pembeni mpaka shingoni, wakaumwagia maji ukalowa wote. Vibonge vilipangwa kwenye makopo ya bati yenye vifuniko vya kubana, makavu, yakaingia chunguni. Juu likafunikwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Wifi akapewa kazi ya kuangalia gunia na mchanga visikauke hata kidogo.

Siri yake ni ile ile ya mtungi wa maji. Maji yakigeuka mvuke hubeba joto, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo yanavyobeba zaidi. Dar es Salaam, hewa ya bahari imejaa unyevu, chungu hicho kingesaidia kidogo sana. Dodoma hewa ni kavu na upepo haukosekani, kwa hiyo ukame tunaoulalamikia mwaka mzima uligeuka mashine ya kupozea. Kaskazini mwa Nigeria, mwalimu Mohammed Bah Abba aliueneza ufundi huu miaka ya 1990, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, ili mboga za wakulima zisioze, akapata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Mama mkwe hajapata kumsikia. Yeye aliupata kwa mama yake, aliyekuwa akihifadhi maziwa kwa namna hiyo.

Wifi hakutoka chini ya mwarobaini mpaka magharibi. Alinyunyiza, akageuza gunia, akafukuza kuku. Kopo la kwanza lilipofunguliwa vibonge vilikuwa vimekaza, baridi, vimeshika umbo. Akakivunja kimoja mbele yetu, kikalia. Binti akamrukia shangazi yake shingoni. Umeme uliporudi usiku, hakuna aliyehamisha kopo hata moja.

Jumapili, baada ya baba askofu kuwawekea mikono na picha kupigwa, wageni walijaa uani. Nilimpa wifi masinia ya vibonge, nikataka ayabebe yeye na si mwingine. Wazee waliouliza kama chokoleti si ya watoto walirudia mara ya pili. Mama mkwe, aliyekaa kitini pa heshima, alikuwa akimwambia kila aliyesifu kwamba karanga zimetoka Kongwa.

Maelezo ya vibonge hivi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na yana haki kule yalikoandikwa. Yakifika kwetu yanapaswa kupita kwanza mikononi mwa mtu anayeijua Dodoma: joto lake, ukavu wake, upepo wake, na karanga ipi itupwe. Maarifa hayo yamo majumbani mwetu, kwa mama zetu na mama wakwe zetu, na inanikera kuona tunayafungia nje kwa kudhani kitu kipya hakiwahusu. Siku ile vingeharibika vyote kama pasingekuwa na mwanamke wa Kongwa aliyejua maji yakae wapi: mbali kabisa na chokoleti, na karibu kabisa na kopo lake.

Kina mama wa kwaya wamekwisha kuagiza vya Krismasi, na aliyepokea oda ni wifi. Niliwasikia wakimuuliza masharti, akayataja bila kusita: kila chombo kiwe kikavu, bakuli lisifunikwe, kazi ianze alfajiri kabla ya jua kupanda, na karanga waje wachambue pamoja naye.