Jinsi ya Kula Butere Bila Kuaibishwa na Tumbo

Kama maziwa hukusumbua tumbo, usimhofu adui wa kwenye glasi. Huyo unamwona. Butere, magharibi mwa Kenya, maziwa hupewa mgeni kwa heshima, nayo heshima haikuruhusu kufunua sufuria.

Anza na chai. Usiulize kama ina maziwa; utaonekana umetoka mbali sana. Omba strungi, chai isiyo na maziwa. Mwenyeji atadhani umeona ng'ombe wake amekauka ukamhurumia, kwa hiyo atamtuma mtoto akakope maziwa kwa jirani. Sasa umeingiza watu kwenye deni, na chai lazima uinywe.

Mtihani wenyewe uko kwenye mboga. Saga na kunde huchemshwa, zikatiwa maziwa, zikalala, kesho yake zikapashwa na kuongezwa mengine mpaka uchungu uishe. Kwenye sahani, kando ya obusuma (ugali) na ingokho (kuku), utaona kijani kitupu. Uchungu umetoka kwenye mboga. Unakungoja baada ya saa mbili.

"Kukhu, mboga hii ina maziwa?"

"Kidogo tu, mjukuu wangu. Ya kulainisha."

Kidogo hicho kilikuja na jagi lake.

Ukipenda, mweleze bibi huyo sayansi. Mwambie kwamba kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya cha laktesi hupungua baada ya utotoni, na sukari ya maziwa, laktosi, ikakosa wa kuivunja. Mwambie kwamba mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania kunywa maziwa ukubwani bila shida. Kukhu atakusikiliza mpaka mwisho, kisha akuongeze mboga. Sema tu, "Daktari amenikataza." Daktari hana haja ya kuwa na jina.

Kimbilia mrenda wa munyu, usiotiwa maziwa. Mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, huwasumbua wengine kidogo, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Samli nayo imebaki na chembe tu. Dukani soma nyuma ya pakiti za mkate, biskuti na soseji, hata kama muuzaji anakuangalia kama mkaguzi wa serikali. Na usipande matatu ya Kisumu ukitoka mezani.

Ila kama maziwa hukutoa vipele au kukubana pumzi, huo ni mzio, ugonjwa mwingine kabisa. Achana na mwongozo huu, nenda hospitali.