Sifa za Kosa Lenye Risiti

Wasimulizi wa habari za gereji mjini Nairobi wana upendeleo. Fundi wa Kirinyaga Road, mtaa ambao wakongwe bado wanauita Grogan, ameimbwa hadi tukachoka: alivyofungua injini kando ya mtaro, akaifunga, akabaki na boliti tatu mkononi na kuapa kwamba hazikuwa na kazi. Lakini ni nani amewahi kuisifu gereji ya wakala rasmi, ile yenye vioo na vigae, siku ilipoharibu gari? Deni hilo nalilipa leo. Nimeyapima makosa yote yanayoweza kulipata gari katika mji huu, na nasema bila kusita kwamba hakuna lililo tukufu, wala lenye faida kwa raia, kama kosa la wakala.

Tuanze na heshima. Fundi wa mtaani anakuharibia ukiwa umesimama juani, umemshikia tochi ya simu, na mara nyingine ukimsaidia kuharibu. Kwa wakala unaharibiwa umeketi kwenye sofa ya ngozi, kahawa mkononi, runinga ikionyesha tangazo la toleo jipya la gari lile lile ulilokuja nalo. Baina yako na gari pana kioo, na juu ya kioo pana kibao: wateja hawaruhusiwi kuingia karakana kwa sababu za usalama. Sababu hizo sikuzishuku kamwe, ingawa kibao hakikusema ni usalama wa nani.

Wala anayekupokea si fundi. Ni mshauri wa huduma, kijana nadhifu ambaye kucha zake hazijawahi kuonana na grisi. Unamweleza kinagaubaga: nikikata kona kushoto linalia, nikipita tuta linagonga, asubuhi likiwa baridi linatetemeka. Anaitikia kila neno, halafu anaandika, "Kelele mbele." Fundi aliye ndani anasoma na kubadilisha pedi za breki. Zilikuwa bado nzima, lakini sasa ni mpya, na huo nao ni ukarimu.

Taa ya injini ikiwaka, hapo ndipo ufundi unapopanda daraja. Wanachomeka mashine ya kusoma hitilafu, nayo inatoa namba. Chukua P0420. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona katalitiki, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi, haifanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Haisemi kwa nini. Huenda katalitiki imekufa kweli. Huenda ekzosi inavuja, au sensa ya oksijeni ndiyo iliyochoka, au injini inamisi na kumwaga huko petroli isiyoungua. Kuyachunguza hayo kunataka saa na akili. Kubadilisha katalitiki kunataka kadi yako ya benki tu. Basi kijana wa watu anaibadilisha, anaifuta namba, taa inazimika, unalipa, mnaagana kwa kicheko. Kompyuta ya gari, kwa adabu zake, hungoja gari liendeshwe kwanza, ijipime upya, kabla ya kusema lolote. Ndiyo maana taa hairudi ukiwa bado langoni. Inakurudia ukiwa njiani kwenda Nakuru na familia.

Wapo pia wenye vipaji vya mikono: anayekaza boliti ya kumwagia oili hadi uzi wa sampu unakatika, na anayebadilisha pedi akaukata waya wa sensa ya ABS, ukaondoka na breki mpya na taa mpya ya onyo.

Rudi nalo sasa, uone fasihi. "Hiyo ni kawaida ya modeli hii." "Upande huo hatukuugusa." "Ni petroli yetu ya siku hizi." "Ni barabara zetu, bosi." Hoja hii ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi, maana inawatwika lawama KURA na KeNHA, wenye barabara, ambao hawako pale kaunta kujitetea. Ukisisitiza kumwona meneja wa huduma, utaambiwa yuko mkutanoni. Nimetamani siku moja nialikwe kwenye mkutano huo. Kwa urefu wake, sidhani kama ile ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri inaufikia.

Lakini sifa kuu bado sijaitaja. Kosa la Grogan halina kumbukumbu. Fundi hakuandika kitu, hukupewa kitu, na ukimpigia simu wiki ya pili unajibiwa na yule mama wa kampuni ya simu kwamba mteja hapatikani. Kosa la wakala limeandikwa na wakala mwenyewe. Kadi ya kazi ina tarehe, ina kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, ina malalamiko yako (hata yakiwa maneno mawili), ina namba ya kipuri na saa za fundi. Ankara imejumlishwa VAT ya asilimia 16 na kupitishwa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa hiyo KRA nayo inajua kwamba tarehe fulani ulitozwa pesa kwa kazi fulani. Niambie ni wapi pengine mtu hukukosea, akatia sahihi, akapiga muhuri, kisha akaipelekea serikali taarifa. Aliyekuumiza ndiye karani wako.

Na karani huyo amekuandalia njia ambayo Bunge lilikwisha kuipalilia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaostahili, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 imeenda mbali zaidi: ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Mrekebishaji hapaswi kukutoza kabla ya kukupa makadirio ya gharama, na akishakupa hawezi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi ikiisha anapaswa kukurudishia vipuri alivyovitoa, isipokuwa ulisema mapema kwamba huvitaki, au vilibadilishwa kwa dhamana pasipo malipo. Vipuri vipya alivyofunga, pamoja na kazi ya kuvifunga, vinahesabiwa kuwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, hata kama hakutamka. Na haki hizo haziondolewi na karatasi yoyote uliyotia sahihi.

Sasa tazama ubao mwekundu ulioko langoni, "Magari yote yanaletwa hapa kwa hatari ya mwenyewe." Watu wengi huusoma na kunywea. Mimi humshukuru aliyeuchora, kwa sababu amepamba ukuta kwa herufi nzuri ambazo haziwezi kuifuta sheria.

Jambo moja katika sheria hiyo limenichekesha kwa furaha. Kazi ikiharibika ndani ya muda wa dhamana, unatakiwa kwanza, ikiwa inawezekana kwa busara, kulirudisha gari kwa yule yule aliyeliharibu. Kwa hiyo sheria yenyewe inakurudisha kwenye sofa, kwenye kahawa, kwa kijana wa kucha safi. Wenye haraka huona hili ni adhabu. Wenye subira hugundua kwamba kila ziara inazaa kadi nyingine ya kazi, yenye tarehe nyingine na kilomita nyingine, na kwamba gari lililofikishwa mara ya tatu kwa ugonjwa ule ule linajieleza bila wakili.

Wakili, kwa kweli, si lazima. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria ya 2016 ilikuwa imeweka kikomo cha 200,000, kiasi ambacho injini ya gari la kisasa ingekicheka. Marekebisho ya 2020 yakakipandisha. Unaweza kujisemea mwenyewe, unaweza kusema Kiswahili, na sheria inataka shauri likamilike ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Anayekata rufaa Mahakama Kuu anabishania hoja za kisheria tu, si kurudia habari za pedi na boliti. Kampuni italeta wakili wake, na wakili atakuwa hodari, lakini atabishana na maandishi ya mteja wake mwenyewe.

Hapo ndipo utakapojifunza uhasibu. Mahakama zetu hazikupi hasara mahususi kwa sababu umesononeka. Kila shilingi ya namna hiyo inatajwa kwenye madai na kuthibitishwa kikamilifu: nauli ulizolipa gari likiwa limelala kwa wakala, gharama ya kulivuta, pesa ulizompa fundi mwingine kurekebisha marekebisho. Makanga wa matatu hatoi risiti tangu dunia iumbwe, na mwendesha bodaboda ukimwomba atakuangalia kama umeomba pikipiki yenyewe. Lakini walipe kwa M-Pesa, na simu yako inakuwa daftari: jina, kiasi, tarehe, saa. Ongeza ripoti ya mkaguzi asiye na upande, aliyeliona gari kabla halijaguswa tena. Usipokuwa nayo, wakala atasema aliyeharibu ni yule wa pili, na anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha.

Kabla hayo hayajafika, barua yako ya madai ikishapokelewa na kupigwa muhuri, utashuhudia muujiza: ule mkutano wa meneja unaisha. Anakupigia mwenyewe. Anakuita "mteja wetu wa thamani". Anakupa huduma inayofuata bila malipo, yaani anakualika urudi kuharibiwa bure, pamoja na kofia na mwavuli wenye nembo. Mwavuli nausifu kwa dhati. Ni kifaa pekee katika jengo lile ambacho nimekiona kikifanya kazi ilivyokusudiwa. Chini ya mwavuli kuna karatasi. Inasema kampuni haikubali kosa lolote, na kwamba wewe umeridhika kabisa na huna dai lolote sasa wala baadaye. Inaletwa na kalamu tayari imefunguliwa.

Nakiri kwamba watengenezaji wazuri wapo, hata kwa mawakala. Gari linaingia, linatibiwa, linatoka, na mwenye gari harudi tena. Hajui makadirio ni nini, hajasoma kifungu cha 46, hajawahi kuona sensa ya oksijeni, na njia ya kwenda Milimani anaijua kwa kupita tu. Ni maisha ya raha, ila hayana elimu. Yule aliyeharibiwa vizuri, kwa upande wake, sasa anasoma ankara kutoka chini kwenda juu, anauliza namba ya kipuri, na majirani wanamfuata jioni na kadi zao za kazi awasomee.

Jambo moja tu linanisikitisha kwa niaba ya mawakala: mema haya yote wanayoyatenda hayapokelewi. Kadi ya kazi inaachwa kwenye mfuko wa mlango wa gari, inalowa soda, inatupwa siku ya kuoshwa. Siku 90 zinapita mwenye gari akiwasimulia wenzake kilabuni. Vipuri vya zamani vinabaki karakana, na ndivyo pekee vingeonyesha kama pedi zilikuwa zimeisha au la.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usiwanyime hadhira. Utakapoitwa kaunta kuchukua ufunguo, piga picha dashibodi, linganisha ankara na makadirio, na omba vipuri vyako vya zamani kabla hujalipa. Wakikuletea ile karatasi ya kuridhika, pokea mwavuli, irudishe kalamu.